Oda ya Pili

Ziwa, wadi ya eneobunge la Soy kaskazini mwa Eldoret, ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Kwa muda mrefu aliyetaka kufanya biashara huko alihitaji kibanda sokoni au chumba cha duka kando ya barabara. Siku hizi inatosha simu janja yenye bando. Viatu vya watoto vya mitumba hupigwa picha juu ya mkeka na kuwekwa Facebook. Asali, wimbi na maziwa ya mursik hutangazwa kwenye status ya WhatsApp kwa jamaa walioko Nairobi na Mombasa. Mashuka, vifuniko vya simu na sare za shule huuzwa na mtu asiye na mlango wa kufungua asubuhi. Mtu huyo akiomba ushauri, karibu kila mshauri humwambia jambo lilelile: jitangaze. Ongeza picha, lipia tangazo, tafuta wafuasi. Ushauri huo si uongo, lakini unamtuma akapigane mahali ambapo yeye ndiye mnyonge kuliko wote. Kwa muuzaji mdogo wa mtandaoni, hasa aliye nje ya mji mkubwa, kazi yenye faida huanza baada ya ujumbe wa M-Pesa kuingia, na kinachoamua kama biashara itafika mwaka wa tatu ni oda ya pili ya mteja yuleyule.

Tuanze na hesabu ya watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,163,186 katika Kaunti ya Uasin Gishu, na mtu angeweza kudhani kwamba soko hilo halina mwisho. Lakini sensa hiyohiyo iliuliza pia kuhusu mtandao. Kati ya Wakenya wote wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na vijijini walikuwa asilimia 13.7 tu. Waliotafuta na kununua bidhaa au huduma mtandaoni hawakufika hata asilimia 5. Takwimu hizo zimezeeka, na bila shaka idadi imepanda tangu korona ilipowafungia watu nyumbani mwaka uliofuata. Hata ukiziongeza mara mbili au tatu, soko la muuzaji wa Ziwa bado ni dogo. Toa wasiohitaji viatu vya watoto, toa wanaojinunulia wenyewe wakienda Eldoret kwa shughuli nyingine, toa waliowahi kutapeliwa wakaapa kutorudia. Wanaobaki ni watu wa kuhesabika, na wengi wao wanajuana kanisani, kwenye chama au mahali pa kupelekea maziwa. Ukimuudhi mmoja, wengine watapata habari kabla ya Jumapili kwisha.

Kisha kuna hesabu ya pesa, ambayo nitaifanya kwa mfano wa kubuni. Tuseme mama muuza viatu analipia tangazo la shilingi 1,500 kwenye Facebook. Watu 30 wanamwandikia, wengi wakiuliza bei na kutoweka, watano wananunua. Kila mmoja wa hao watano amemgharimu shilingi 300 kabla kiatu hakijaguswa. Kiatu anakiuza 1,200; alikinunua 750, na mfuko, dawa ya viatu na bodaboda ya kupeleka mzigo steji vimekula 100. Zimebaki 350. Ondoa zile 300 za tangazo, na mkononi anabaki na shilingi 50. Mteja huyo akirudi baada ya miezi michache kwa sababu mguu wa mtoto umekua, hakuna tangazo la kulipia, na zile 350 ni zake zote. Oda moja ya pili imemletea faida ya oda saba za kwanza. Wanaomhimiza aongeze matangazo wanasahau pia kwamba bei ya tangazo haipangwi Ziwa. Facebook huuza nafasi zake kwa mnada, na katika mnada huo mama huyu anapandishiana bei na mabenki, kampuni za kamari na maduka makubwa ya Nairobi. Njia ya bure nayo imebanwa: Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba watumiaji wataonyeshwa kwanza mambo ya ndugu na marafiki zao kuliko ya kurasa za biashara, na tangu hapo picha iliyowekwa bila kulipiwa haifiki mbali kama zamani.

Wenye pesa za kununua wateja wamejaribu, na tumeona matokeo. Copia ilijenga biashara nzima juu ya wateja wa vijijini na viungani: mtu aliagiza kupitia wakala mwenye duka karibu na kwake, na gari la kampuni likaleta bidhaa. Wawekezaji waliipa zaidi ya dola milioni 100. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi kwa kukosa fedha mpya, na wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakapoteza kazi. Jumia nayo ilifunga huduma yake ya kupeleka chakula nchini Kenya na katika nchi nyingine mwishoni mwa 2023. Sisemi kwamba kampuni hizo ziliangushwa na jambo moja. Gharama ya kusafirisha mizigo midogo umbali mrefu peke yake ni mzigo wa kutosha. Ninachosema ni kwamba oda ya kwanza ilinunuliwa kwa fedha za watu wengine, na fedha hizo zilipokatika, faida ya oda zilizofuata haikutosha kulishika jahazi. Muuzaji wa Ziwa hana mwekezaji wa kumfidia. Anapaswa kuishi kwa kile ambacho mteja mwenyewe anakilipa, na hilo humlazimisha awe na akili kuliko wakubwa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia pointi na zawadi: nunua mara tano, ya sita ni bure. Wazo hili Wakenya wanalijua vizuri, kwani Safaricom imekuwa ikitoa pointi za Bonga tangu 2007 na kila supamaketi kubwa ina kadi yake. Lakini ushahidi wa karibu kabisa unaonyesha kadi haifungi mtu. Supamaketi za Nakumatt zilikuwa na kadi iliyojaa kwenye pochi za Wakenya nchi nzima. Mwaka 2017 wasambazaji waliodai malipo walipoacha kuleta bidhaa na rafu zikabaki wazi, wenye kadi walihamia kwa washindani na pointi zao mfukoni. Mwaka 2018 mahakama iliweka kampuni hiyo chini ya msimamizi, na 2020 wadai wakaamua ifungwe. Mteja hakuwa amefungwa na pointi. Alikuwa amefungwa na uhakika wa kupata unga, mafuta na sabuni chini ya paa moja, na uhakika huo ulipokwisha hakuona sababu ya kubaki. Kwa biashara ndogo pointi zina hasara ya ziada, kwa sababu zinampunguzia bei mtu ambaye huenda angelipa bei kamili bila malalamiko.

Hoja ya kumshika mteja ina baba yake katika maandishi ya biashara. Mwaka 1990 Frederick Reichheld, mshauri wa kampuni ya Bain, na Earl Sasser wa Harvard waliandika kwamba kupunguza wateja wanaohama kwa asilimia 5 kunaweza kupandisha faida kwa asilimia 25 hadi 85. Takwimu hiyo imezunguka dunia na sasa hutupwa katika kila semina ya wajasiriamali kana kwamba ni sheria ya maumbile. Sivyo. Ilitoka kwenye mabenki, bima, kadi za mkopo, karakana za magari na biashara nyingine za aina hiyo zenye mikataba au desturi ya miaka mingi. Mtu wa Ziwa asiichukue akaipigia hesabu viatu vyake. Anachoweza kukichukua ni sababu iliyo nyuma yake, ambayo ni ileile ya mfano wetu: gharama ya kumpata mteja hulipwa mara moja, na mteja wa zamani anahitaji maelezo machache, anaagiza kwa haraka, na humleta dada yake.

Basi nini humrudisha? Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu anaweza kuutumia msemo huo kunijibu kwamba bidhaa nzuri haihitaji haya yote. Sokoni ni kweli. Mnunuzi hushika kiatu, hukikunja, hunusa ngozi, hugonga soli kwa ukucha. Mtandaoni kizuri na kibaya vina picha ileile, wakati mwingine picha iliyoibwa kutoka kwa muuzaji mwingine, na ndiyo maana mizaha ya nilichoagiza na nilichopata haiishi. Kwa hiyo katika oda ya kwanza kizuri hakiwezi kujiuza. Mteja ananunua maneno ya mtu asiyemjua. Ni baada ya kiatu kuingia nyumbani ndipo msemo unaanza kufanya kazi. Hapa niseme pia kwamba desturi ya kuficha bei na kuandika "bei njoo inbox" ni njia ya kupunguza uaminifu ambao tayari ni haba. Mteja anaelewa mara moja kwamba bei itategemea anavyoonekana kwenye picha yake.

Tazama safari ya mzigo mmoja kwenda Nakuru. Muuzaji anafunga kiatu kwa karatasi ya kaki na utepe wa gundi, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, anaupeleka ofisi ya sacco ya matatu Eldoret, analipia na kupewa risiti. Kuanzia hapo hadi mteja atoe kitambulisho na kuchukua mzigo kuna saa kadhaa ambazo mteja hana kitu mkononi: pesa zimetoka, kiatu hakijafika, na aliyemtumia pesa hamjui kwa sura. Wauzaji wengi hunyamaza saa hizo kwa kuwa kwao kazi imekwisha. Mwenye kufikiria oda ya pili hupiga picha ya risiti na kuituma papo hapo, akataja jina la sacco, saa gari lilipoondoka na namba ya ofisi itakayopokea. Gari likichelewa, anatangulia kusema kabla hajaulizwa. Siku 2 baadaye anaandika: "Habari yako mama, vile viatu vilimtosha mtoto?" Swali hilo halitaki pesa. Linampa mteja nafasi ya kulalamika kwa muuzaji kabla hajalalamika kwa majirani, na linamwacha muuzaji akijua saizi ya mguu wa mtoto.

Jibu likiwa "havikumtosha," hapo biashara hupimwa. Maduka mengi yetu yana kibao kinachosema bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na wauzaji wa mtandaoni wamekirithi kibao hicho bila kufikiri. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na maelezo ya kutosha, na tangu 2012 kuna Sheria ya Kumlinda Mlaji, kwa hiyo kibao hakina nguvu kama kinavyodhaniwa. Lakini acha sheria, angalia hesabu. Kulipia mzigo urudi na mwingine uende kunaweza kumgharimu mama wetu, tuseme, shilingi 250 au hata zile 300 alizolipa kumpata mteja huyo. Inauma, maana faida ya oda hiyo imekwisha na zaidi. Hata hivyo amenunua kitu ambacho tangazo haliwezi kukinunua: mteja ameona mambo yakiharibika na yakitengenezwa. Anayewaza kwamba watu watatumia vibaya ukarimu huo ana haki ya kuogopa, na dawa ni kuweka masharti mapema na kwa maneno mafupi: siku 3, kiatu hakijavaliwa nje, kubadilishiwa saizi mara moja tu.

Chombo cha kazi hii ni daftari la shule. Jina, namba, alichonunua, tarehe, saizi, na safu moja ya mambo madogo: mtoto wa darasa la nne, hapendi nyeusi, huchukulia mzigo Moi's Bridge. WhatsApp ya biashara, iliyotoka 2018, ina lebo zinazofanya kazi hiyohiyo, ila daftari haliibiwi pamoja na simu. Kinacholipa daftari thamani ni kalenda ya mahali. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa mahindi hupandwa mvua za masika zinapoanza, Machi na Aprili, na kuvunwa kuanzia Oktoba. Ukiwaandikia wakulima Aprili kuhusu mashuka mapya unawaandikia watu ambao pesa zao ziko ardhini kwa sura ya mbegu na mbolea. Januari ni karo na sare. Wenye ng'ombe hulipwa na ushirika kwa mwezi, kwa hiyo wiki ya malipo ya maziwa ni wiki ya kuuza. Mteja wa Nairobi anayeagiza mursik na asali hafuati kalenda hiyo. Yeye hufuata mshahara na sikukuu. (Anayeuza mursik akumbuke kwamba biashara ya mazao ya maziwa inahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa ya Kenya, na chupa ikichacha vibaya njiani hakuna ujumbe wa pole utakaomrudisha mtu.) Kampuni ya Nairobi inaweza kuwa na kompyuta za kila aina, lakini haijui malipo ya maziwa yalichelewa mwezi huu. Mtu wa Ziwa anajua bila kuuliza.

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa washauri wa matangazo bali kwa mtafiti. Byron Sharp wa Chuo Kikuu cha Australia Kusini, katika kitabu chake cha 2010, alionyesha kwa data za bidhaa za kila siku, kama sabuni na vinywaji, kwamba chapa hukua hasa kwa kupata wanunuzi wengi zaidi, tena wengi wao wakiwa wa mara mojamoja, na kwamba chapa ndogo huwa na wateja wachache ambao pia hurudi kwa nadra kidogo. Akiwa sahihi, ninamshauri mama wa Ziwa apande mlima usiopandika. Nadhani yuko sahihi kuhusu alichokipima. Chapa ya sabuni inauzwa katika maelfu ya maduka, ina tangazo la televisheni, na haiwezi kumjua hata mnunuzi mmoja. Kazi yake ni kukumbukwa na mamilioni. Mama wetu hana shida ya kukumbukwa na mamilioni. Hawezi hata kuwahudumia. Akiwa na wateja 80 wanaoagiza mara tatu kwa mwaka ana oda 240, na oda 240 kwa shilingi 350 ni shilingi 84,000 za faida, juu ya shamba na ng'ombe. Ninampa Sharp jambo moja kubwa: lazima wapya waendelee kuingia, kwa kuwa watu huhama, watoto hukua, na wengine husahau tu. Tofauti ni mlango wa kuingilia. Wapya wa biashara ndogo huletwa kwa bei nafuu na wale wa zamani, na hili ni kweli zaidi kwa bidhaa zisizonunuliwa mara mbili. Anayeuza vitanda au matangi ya maji asitarajie mtu arudi mwaka huohuo. Oda yake ya pili ni shemeji wa mteja wa kwanza.

Pingamizi jingine linatoka kwa wauzaji wenyewe: mteja wa kudumu ndiye msumbufu. Anataka punguzo kwa sababu ya ujamaa, na anataka achukue leo alipe mwisho wa mwezi. Wako sawa. Werner Reinartz na V. Kumar, waliochunguza kampuni nne za Marekani, Ufaransa na Ujerumani, waliandika 2002 kwamba uhusiano wa uaminifu na faida ni dhaifu kuliko inavyohubiriwa, na kwamba wateja wa muda mrefu hujua thamani yao na kuidai. Lakini hilo linahusu nani wa kushikwa, na daftari lile lile ndilo la kujibu. Kuna anayenunua mara nne bila kubishana, na kuna anayenunua mara sita akiwa na deni la oda mbili. Wa kwanza apewe nafasi ya kuchagua viatu kabla havijawekwa Facebook. Ni heshima isiyogharimu kitu na ina nguvu kuliko punguzo. Wa pili aambiwe kwa upole kwamba mzigo hutoka pesa zikiingia, hata akiwa binamu. Akikasirika akaondoka, faida ya mwaka haitapungua.

Kuna pia usumbufu wa ujumbe, na hapa wauzaji wana makosa kuliko wateja. Kila mtu ameshawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa na kuamshwa na picha 40 za sufuria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka namba ya mtu itumike kwa ruhusa yake, na haiwahusu wakubwa pekee: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Muuzaji anayependa kupakia picha za wateja wakiwa wamevaa viatu vipya, tena watoto, aulize kwanza. WhatsApp yenyewe ina breki ya namna hiyo, kwa kuwa ujumbe wa kutuma kwa wengi kwa mkupuo humfikia tu yule aliyehifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Kwa hiyo siku ya kupokea mzigo ndiyo siku ya kumwomba mteja ahifadhi namba, na kumuuliza kama angependa kuambiwa saizi ya mtoto wake ikipatikana. Akikataa, jina lake likatwe mstari.

Na namba hizo ziandikwe kwenye karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na aliyekuwa na wateja wake ndani ya programu hizo tu hakuwa na mteja jioni hiyo. Akaunti za watu hufungwa au kuibwa kila siku bila kufika kwenye habari. Mwenye namba 80 kwenye daftari anaweza kuandika ujumbe mfupi wa kawaida, ambao humfikia hata yule ambaye bando lake lilikwisha juzi.